SOMO LA VIONGOZI WA MATAWI: KUILAZA KOMPYUTA BILA KUPOTEZA KAZI YA CHAMA



Zamani ofisi ya tawi ilikuwa meza, kabati la chuma, mhuri na daftari la ada. Siku hizi matawi mengi hapa Uganda yana laptopu moja, na ndani yake mna karibu kila kitu kilichokuwa kabatini: orodha ya wanachama, mihtasari ya mikutano, barua za kwenda kwa mwajiri, hesabu za michango na malalamiko ya wafanyakazi. Kabati la chuma halikuhitaji umeme. Laptopu inauhitaji, na umeme huo huisha.

Tukitembelea matawi tunaona jambo moja mara nyingi. Katibu akimaliza kazi yake, hufunika laptopu kama mtu anavyofunga kitabu, akaitia mkobani na kushika njia. Ukimwuliza kama ameizima, atakujibu, "Imezima, ndugu, huoni skrini ni nyeusi?" Skrini nyeusi si ushahidi kwamba kompyuta imezima. Mara nyingi imelala tu, na usingizi wenyewe ni wa aina mbili. Aina moja ikikatiwa umeme hupoteza kazi yote ambayo haikuhifadhiwa. Aina ya pili haipotezi.

Baada ya somo hili kila kiongozi wa tawi aweze kufanya mambo matatu:

(a) Kueleza tofauti ya aina hizo mbili kwa maneno yake mwenyewe.
(b) Kuchagua aina ifaayo ofisini, safarini na mahali pasipo na umeme.
(c) Kulinda orodha ya wanachama laptopu inapokuwa mbali na mikono yake.

Somo hili halihitaji elimu kubwa. Anayejua kuandika barua kwenye kompyuta atalielewa.

1. MAHALI PAWILI PA KUWEKA KAZI

Kwanza tujue kazi inakaa wapi. Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo.

Mahali pa kwanza ni kumbukumbu ya muda. Hapa ndipo inapokaa barua uliyoifungua, jedwali unalolijaza na kila herufi unayoipiga sasa hivi. Kumbukumbu hii ina kasi sana, lakini inaishi kwa umeme. Umeme ukikatika, imekwisha.

Mahali pa pili ni diski. Diski haina kasi kama kumbukumbu ya muda, lakini haihitaji umeme ili itunze kitu. Ukiandika jambo kwenye diski, ukaizima kompyuta na kuifungia sandukuni mwezi mzima, utalikuta.

Kwa mfano rahisi, kumbukumbu ya muda ni maji uliyoyashika viganjani. Unaweza kuyanywa mara moja, lakini lazima uendelee kubana vidole. Diski ni mtungi. Unapobonyeza vitufe vya Ctrl na S kwa pamoja, unamimina maji kutoka viganjani kwenda mtungini. Usipofanya hivyo, yanabaki viganjani, hata kama umefanya kazi tangu asubuhi.

Mfano huu tuukumbuke, maana somo lote linausimamia.

2. USINGIZI MWEPESI

Aina ya kwanza kwenye skrini huandikwa Sleep. Sisi tutaiita usingizi mwepesi.

Kompyuta ikilala hivi, skrini huzimika, diski husimama, feni hunyamaza, na sehemu kubwa ya mashine hukatiwa umeme. Lakini kumbukumbu ya muda haikatiwi. Inaendelea kupewa umeme kidogo ili yaliyomo yasipotee. Ni mtu aliyefumba macho huku bado amebana viganja vyenye maji. Ukimgusa anaamka mara moja na maji yako pale pale.

Faida yake ni wepesi. Ukiifunua laptopu, baada ya sekunde chache unakuta barua yako pale ulipoiachia, hata alama ya kuandikia iko kwenye neno lile lile. Kwa mtu anayetoka kwenda kupata chai, au kuitwa kusikiliza shauri la mfanyakazi na kurudi baada ya nusu saa, usingizi huu unamtosha.

Hasara yake ni kwamba betri inaendelea kuliwa. Inaliwa polepole, lakini inaliwa. Betri ikikauka vidole vinaachia, maji yanamwagika.

Liko jambo jingine ambalo wenye laptopu mpya walijue. Nyingi za miaka ya karibuni zina usingizi ambao ni mwepesi zaidi, kama wa mtu aliye katika mang'amung'amu: amelala lakini anasikia. Zinabaki zimeshika mtandao, zinapokea ujumbe, na pengine zinaanza kazi zake zenyewe humo mkobani. Mtu hushangaa kuitoa laptopu ikiwa moto na betri imeshuka sana, ilhali hakuitumia safari nzima. Si uchawi. Haikuwa imelala vizuri.

3. HAIBANETI

Aina ya pili huandikwa Hibernate. Kwa kuwa hatuna neno lililozoeleka, tutasema haibaneti.

Neno hili wenyewe walilitoa kwa wanyama wa nchi za baridi, ambao hujificha na kulala majira yote ya theluji. Huku kwetu hatuna theluji, lakini tunaye kamongo. Wanaoishi karibu na mabwawa na vinamasi wanamjua samaki huyu. Bwawa likikauka wakati wa kiangazi, samaki wengine hufa. Kamongo hujichimbia ndani ya tope, hujizungushia utando wa ute wake mwenyewe, na hukaa humo miezi bila kula, mpaka mvua irudi. Mvua ikirudi anatoka akiwa kamongo yule yule.

Haibaneti ni hivyo. Kabla ya kulala, kompyuta huchukua yote yaliyo kwenye kumbukumbu ya muda, barua iliyofunguliwa, jedwali na kila kitu, na kuyaandika kwenye diski katika faili moja kubwa. Ikimaliza kuandika, hujikatia umeme. Maji yote yamemiminwa mtungini, na mtu sasa anaweza kunyoosha mikono na kulala usingizi wa pono. Hata ukitoa betri, hata laptopu ikikaa wiki mbili bila chaji, siku utakayoiwasha itasoma lile faili na kukurudisha pale ulipoachia.

Hasara zake ni ndogo, lakini tuziseme. Kuamka kunachukua muda zaidi kuliko usingizi mwepesi, hasa kwa laptopu kuukuu zenye diski inayozunguka. Lile faili linachukua nafasi ya giga kadhaa, kwa hiyo diski iliyojaa sana inaweza kuleta shida. Na kompyuta inahitaji muda wa kuandika. Mtu asiibane mkobani na kukimbilia basi wakati taa ya diski bado inawaka. Angoja mpaka taa zizime na feni inyamaze.

Wanaopenda kujua asili ya mambo haya: mwaka 1992 makampuni ya Intel na Microsoft yalitoa utaratibu wa kupunguza matumizi ya umeme kwenye kompyuta za aina hii. Desemba 1996 makampuni hayo pamoja na Toshiba yalitoa kanuni mpya ziitwazo ACPI, ambazo ziliyapanga mambo kwa ngazi, kuanzia S0 hadi S5. S0 ni kompyuta iliyo macho. S3 ni usingizi mwepesi. S4 ni haibaneti. S5 ni kompyuta iliyozimwa. Hakuna haja ya kukariri namba hizi, ila zinatuonyesha kwamba usingizi una ngazi, na haibaneti iko jirani kabisa na kuzima.

4. HESABU YA BETRI

Sasa tupige hesabu, maana wafanyakazi tunaamini hesabu.

Tuchukue mfano wa katibu wa tawi la shamba la chai karibu na Fort Portal. Siku ya Ijumaa amejaza jedwali la saa za ziada ambazo wafanyakazi 140 hawakulipwa. Jumatatu saa 3 asubuhi yupo Kampala, mezani na mwajiri. Ijumaa saa 12 jioni umeme hakuna, anafunika laptopu ikiwa na jedwali wazi, nayo inaingia katika usingizi mwepesi.

Tuseme betri ilipokuwa mpya ilishika wati-saa 50. Imetumika miaka minne, sasa inashika 30 tu. Wakati anafunika, ilikuwa na asilimia 60 ya chaji. Asilimia 60 ya 30 ni wati-saa 18.

Tuseme laptopu ikilala inakula nusu wati. Gawanya 18 kwa nusu, unapata saa 36. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni, saa 36 zinaishia Jumapili saa 12 asubuhi. Mpaka Jumatatu saa 3 asubuhi ni saa 63. Laptopu itakufa zaidi ya siku nzima kabla ya mkutano.

Kama ni laptopu ya usingizi wa mang'amung'amu inayokula wati moja nzima, 18 gawanya kwa 1 ni saa 18. Hiyo inakufa Jumamosi saa 6 mchana, katibu akiwa bado njiani.

Jumatatu anaifungua mbele ya mwajiri. Inaanza upya kama iliyozimwa, jedwali halipo, au lipo la juzi lenye majina 60 tu. Mwajiri naye amekuja na karani wake, na karani amebeba hesabu za kampuni zilizochapwa vizuri. Hapo wafanyakazi 80 hawana wa kuwasemea. Madai yao ni ya haki, lakini madai yasiyo na jedwali huitwa maneno matupu.

Lau katibu huyo angetumia haibaneti, betri ingebaki karibu pale pale alipoiacha, na jedwali lingekuwepo. Na lau angebonyeza Ctrl na S, jedwali lingekuwepo kwa njia yoyote ile. Kwa hiyo kanuni ya kwanza haihusu aina ya usingizi hata kidogo: HIFADHI KWANZA, KISHA LAZA.

Wengine watasema, "Laptopu yangu betri ikiwa karibu kwisha hujiingiza yenyewe kwenye haibaneti." Ni kweli, nyingi zimepangwa hivyo, na zingine huhama kutoka usingizi mwepesi kwenda haibaneti baada ya saa kadhaa. Ni mpango mzuri. Lakini msiutegemee kwa betri kuukuu. Betri iliyochoka husema uongo: inaonyesha asilimia 15, kisha inaanguka hadi sifuri kwa mara moja, kabla kompyuta haijapata nafasi ya kuandika chochote kwenye diski. Aliye na laptopu ya kununua mitumba, na sisi wengi ndio hao, ajue kwamba betri yake iko katika hali hiyo.

Kwa matawi yasiyo na umeme wa gridi, ambako chaji hulipiwa kwenye duka lenye sola, hesabu hii ni ya fedha pia. Laptopu iliyolala usingizi mwepesi usiku kucha imekula chaji mliyoilipia kwa ada za wanachama, na haikufanya kazi yoyote.

5. KOMPYUTA YA MEZANI NA UMEME UNAOKATIKA

Matawi machache yana kompyuta ya mezani. Hiyo haina betri. Ikiwa katika usingizi mwepesi na umeme ukakatika hata kwa kufumba na kufumbua, kila kisichohifadhiwa kimepotea. Bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024, na ni jambo la kujivunia, lakini umeme wa bwawa mpaka ufike ofisini kwako unapita kwenye nyaya, nguzo na transfoma, na hizo bado huharibika. Mvua ya radi haiulizi kama katibu amehifadhi.

Kwa kompyuta za namna hii ulitengenezwa usingizi wa tatu, wa mchanganyiko. Kompyuta huandika yote kwenye diski kama ilivyo katika haibaneti, lakini huendelea pia kushika kumbukumbu ya muda. Umeme ukibaki, inaamka upesi. Umeme ukikatika, inasoma kutoka kwenye diski. Ni kumimina maji mtungini huku umebakiza kiasi viganjani. Tawi lenye kompyuta ya mezani litafute mpango huu kwenye mipangilio ya umeme, au lizime kompyuta kila jioni.

6. USALAMA WA ORODHA YA WANACHAMA

Sasa tunafika kwenye jambo zito zaidi. Mpaka hapa tulizungumzia kazi kupotea. Lakini kazi ikiangukia mikono isiyo yake, hilo ni baya zaidi.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda au kujiunga na chama cha wafanyakazi akipendacho. Haki ipo. Lakini kila mwenye uzoefu wa kusajili wanachama anajua kwamba kuna kipindi cha hatari, kati ya siku mfanyakazi wa kwanza anapotia sahihi na siku mwajiri anapokitambua chama. Katika kipindi hicho orodha ya waliojiunga ni siri. Ikimfikia msimamizi mbaya, kesho yake kuna watu watahamishwa zamu, wengine hawataongezewa mikataba, na hakuna atakayesema sababu ni chama.

Vilevile Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde. Chama kinachokusanya majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya wanachama kinabeba wajibu huo.

Basi laptopu iliyo katika usingizi mwepesi ina hatari gani? Ziko mbili.

Ya kwanza ni ya wazi. Kama haikupangwa kuuliza neno la siri inapoamka, mtu yeyote akiifunua anakuta orodha mbele yake. Amekuwa katibu bila kuchaguliwa.

Ya pili imejificha. Laptopu nyingi siku hizi huweza kufunga diski kwa ufunguo wa siri, ili mwizi akiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine asisome kitu. Ni kinga nzuri sana. Lakini kompyuta inapokuwa macho, ufunguo huo unakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Katika usingizi mwepesi unaendelea kukaa humo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na wenzao walionyesha kwamba hata umeme ukikatwa, yaliyomo kwenye kumbukumbu ya muda hayafutiki papo hapo. Hubaki kwa sekunde kadhaa, na zaidi kama chipu zikipozwa, na ufunguo wa diski unaweza kusomwa humo. Maji yamemwagika, lakini viganja bado vimelowa. Unyevu huo haumsaidii katibu kurudisha kazi yake. Unamsaidia mwizi mwenye ujuzi.

Kwa hiyo laptopu inayoachwa kwenye chumba cha nyumba ya wageni, inayopitishwa mpakani Malaba au Busia, au inayowekwa kwenye buti la gari la mtu mwingine, isiwe katika usingizi mwepesi. Iwe imezimwa, au iwe katika haibaneti.

Ila hapa tahadhari. Haibaneti peke yake si kufuli. Lile faili kubwa tulilolitaja ni nakala ya kila kitu kilichokuwa wazi, pengine pamoja na maneno ya siri. Kama diski haijafungwa kwa ufunguo, mtu anaweza kuitoa na kulisoma faili hilo. Neno la siri la kuingilia nalo halizuii hilo, maana ni mlango wa mbele tu, na mwizi huyo amepita dirishani. Kinga kamili ina mambo matatu: diski iliyofungwa kwa ufunguo, neno la siri linaloulizwa kila kompyuta inapoamka, na haibaneti au kuzima kila inapokuwa mbali nawe. Ufunguo wa akiba wa diski uandikwe kwenye karatasi na kufungiwa na mweka hazina, usibandikwe kwenye laptopu yenyewe.

7. JINSI YA KUIPATA HAIBANETI

Wengi hawajawahi kuitumia haibaneti kwa sababu moja tu: hawaioni. Kwenye laptopu nyingi za Windows imefichwa. Fanya hivi:

(a) Fungua Control Panel, kisha Power Options.
(b) Upande wa kushoto chagua mstari unaohusu kazi ya vitufe vya umeme.
(c) Bonyeza mstari unaoruhusu kubadili mipangilio iliyofungwa.
(d) Chini utaona neno Hibernate. Litie alama ya vema, kisha hifadhi.

Kama neno hilo halipo kabisa, haibaneti imezimwa. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, andika powercfg /hibernate on, bonyeza Enter, kisha rudi hatua ya kwanza.

Hapo hapo kwenye kazi za vitufe utaona swali: kifuniko kikifungwa, kompyuta ifanye nini? Kuna jibu la wakati wa betri na jibu la wakati wa umeme wa ukutani. Tunashauri upande wa betri uchague haibaneti. Hivyo hata katibu mwenye haraka, anayefunika na kukimbia, atakuwa amelindwa na mpangilio wenyewe.

Laptopu za Apple kwa kawaida hufanya mchanganyiko zenyewe: hulala upesi na kuandika nakala kwenye diski. Za Linux hutegemea jinsi zilivyosimikwa, na diski lazima iwe imetengewa nafasi ya kutosha. Mwombeni aliyewasimikia aijaribu mbele yenu.

8. MAMBO YANAYOCHANGANYA WATU

Kuzima si kuanzisha upya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi ukizizima kwa njia ya kawaida hazizimi kabisa. Hufunga programu zako, lakini huandika kiini cha mfumo kwenye diski, kama haibaneti ya nusu, ili ziwake upesi. Kwa hiyo kompyuta inayosuasua unaweza kuizima na kuiwasha mara kumi bila nafuu. Chagua Restart, yaani kuanzisha upya. Hapo ndipo inapofagia nyumba yote. Fanyeni hivyo angalau mara moja kwa wiki.

Flashi isichomolewe kompyuta ikiwa imelala. Kama faili la flashi lilikuwa wazi, kompyuta ikiamka itaendelea kama kwamba flashi ipo, na faili linaweza kuharibika. Hifadhi, funga faili, toa flashi, ndipo ulaze.

Na haibaneti si nakala ya akiba. Laptopu ikiibwa, ikiungua au ikianguka mtoni, mtungi umevunjika na maji yamekwenda. Orodha ya wanachama na hesabu za ada ziwe na nakala nyingine, kwenye flashi iliyofungiwa kabatini na nyingine makao makuu. Akiba haiozi.

9. KANUNI ZA TAWI

Tunapendekeza kamati ya kila tawi ipitishe kanuni hizi na kuzibandika ukutani juu ya meza ya kompyuta:

1. Hifadhi kwanza, kisha laza.
2. Ukitoka kwa muda mfupi na laptopu iko machoni pako au ndani ya ofisi iliyofungwa: usingizi mwepesi.
3. Ukisafiri, ukilala, au umeme ukiwa haupo: haibaneti.
4. Laptopu ikiachwa mahali pasipo salama, au kazi ya siku ikiwa imekwisha: zima.
5. Usiitie mkobani mpaka taa zimezimika.
6. Anzisha upya kila wiki.
7. Neno la siri liulizwe kila inapoamka.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Eleza kwa mfano wako mwenyewe tofauti ya kumbukumbu ya muda na diski. Usitumie mfano wa maji.
2. Betri ya laptopu ya tawi inashika wati-saa 24. Imefunikwa ikiwa na nusu ya chaji, katika usingizi mwepesi unaokula nusu wati. Itaishi saa ngapi? Kama ilifunikwa saa 2 usiku, itakufa saa ngapi?
3. Katika tawi letu nani anayabeba majina ya wanachama, na laptopu yake usiku huu iko katika hali gani?
4. Kama laptopu ya tawi ikipotea leo, ni kazi gani ya chama itakuwa haipatikani tena popote? Nani atapewa jukumu la kutengeneza nakala, na kabla ya tarehe gani?

Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili kwa sauti katika mkutano wa kamati, laptopu ya tawi ikiwa mezani, na kuyafanya mambo ya sehemu ya 7 papo hapo, kila mjumbe akiona. Ujuzi usikae kwa mtu mmoja. Mtu mmoja anaweza kuugua, kuhamishwa au kufukuzwa kazi, na chama kinapaswa kuendelea.

Majibu ya swali la pili: saa 24, itakufa kesho yake saa 2 usiku.

Umoja ni nguvu.